Mwali wa Uluguru na Maandishi ya Watafiti

Katika muda wa miaka kumi, kati ya mwaka 1994 na mwaka 2004, vilitolewa vitabu vitatu juu ya vijana wa Tanzania ambavyo vinastahili kujulikana na kila mwalimu wa shule ya sekondari. Cha kwanza kinaitwa Chelewa, Chelewa. Cha pili Haraka, Haraka. Cha tatu Umleavyo. Viliandikwa na kikundi cha watafiti wa Kitanzania, wengi wao wanawake, wakishirikiana na Rita Liljeström, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Sweden, na vilichapishwa huko Uppsala. Kila kimoja kimepewa jina ambalo ni kipande cha methali ya Kiswahili. Lakini msomaji anayefunua jalada akitumaini kuendelea na lugha aliyoikuta nje, anakuta kwamba ndani mna Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo hili si dogo, wala si la mchapaji peke yake. Linatuonyesha msomaji aliyetazamiwa alikuwa nani. Msichana anayezungumziwa humo, mama yake, bibi yake na kungwi wake hawakutazamiwa kuvisoma. Maisha yao ndiyo mada, ila wao wenyewe si wasomaji.

Katika makala haya tunakusudia kuvihakiki vitabu hivyo, pamoja na maandishi mengine machache yanayohusu kukua kwa vijana, afya yao ya uzazi, na mabadiliko ya nafasi ya mwanamke na mwanamume katika jamii yetu. Hatutayahakiki kama madaktari. Kazi hiyo ina wenyewe. Tutayahakiki kama watu wanaoshughulika na utamaduni, kwa kuuliza maswali mawili: je, mtafiti amemwona nani? Na je, anasema na nani? Mahali tutakapofanyia kipimo chetu ni Morogoro, hasa milima ya Uluguru. Huko mila ya kumlea msichana aliyevunja ungo ilikuwa na umbo lililokamilika. Ardhi ilirithiwa kwa upande wa mama. Na shule, misheni na wataalamu wa kila aina wamekuwa jirani kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwa urahisi kwamba huko mambo ya kale yalikuwa giza tupu na ya kisasa ni nuru tupu.

Tombo na mwali

Waluguru ni miongoni mwa makabila ya mashariki ya Tanzania ambayo huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kama walivyo jirani zao Wazaramo, Wakwere, Wakutu na Wakaguru. Ukoo mkubwa huitwa lukolo. Tawi la ukoo, yaani watu wanaotokana na mama mkuu mmoja, huitwa tombo, neno ambalo maana yake ya asili ni ziwa la mama. Jina la Matombo, mahali panapojulikana sana upande wa mashariki wa milima hiyo, ni wingi wa neno hilo hilo. Lugha yenyewe, basi, ilikwisha kusema jambo kubwa kabla ya mtafiti yeyote kufika: mtu ni wa ziwa alilonyonya.

Maana ya mpango huo haikuwa ya heshima tu. Ilikuwa ya mashamba. Ardhi ilikuwa chini ya ukoo, na mwanamke alikuwa na haki ya kulima katika ardhi ya ukoo wake. Mume alipomwacha, au alipofariki, mwanamke hakubaki bila mahali pa kusimama; alikuwa na kwao. Tusidhani kwamba huu ulikuwa utawala wa wanawake. Aliyeshika madaraka juu ya watoto na mali alikuwa aghalabu mjomba, naye ni mwanamume. Hata hivyo, kati ya kuwa chini ya amri ya kaka ukiwa kwenye ardhi yako, na kuwa chini ya amri ya mume ukiwa kwenye ardhi yake, ipo tofauti ambayo kila mwanamke aliyepata kuachwa anaifahamu.

Juu ya msingi huo ndipo mila ya mwali iliposimama. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani. Muda wa kukaa ndani ulikuwa wa miezi, na zamani hata miaka. Hakutoka mchana hadharani, hakufanya kazi za shamba, na alilishwa vizuri. Ngozi yake ilitakata kwa kukosa jua, na kutakata huko kulikuwa ni alama kwamba ametunzwa. Wanawake wazima walimfundisha kwa nyimbo, kwa mafumbo, kwa vinyago vya udongo, na kwa vitendo. Mti wa mkole nao ulikuwa na nafasi yake katika mafunzo hayo, kama ilivyo pia kwa Wazaramo. Siku ya kutolewa ilikuwa ya ngoma na shangwe, na mwali alibebwa mabegani ili kila mtu ajue kwamba aliyeingia ndani alikuwa mtoto, na anayetoka ni mtu mzima.

Mwalimu wa fasihi simulizi ataona mara moja kwamba hapa pana kazi ya sanaa iliyokamilika. Ipo jukwaa, ipo hadhira, yapo maneno yaliyofungwa ambayo hayana budi kufunguliwa na mjuzi. Fumbo lilitumika kwa sababu mbili. Liliwezesha mambo mazito ya mwili kusemwa bila matusi, na liliacha alama katika kumbukumbu, kwa kuwa mtu hasahau kitu alichohangaika kukifumbua. Zaidi ya hayo, aliyelifunga fumbo alijulikana. Mwali aliyepata taabu baadaye, katika ndoa au katika uzazi, alijua ni nani wa kumwendea.

Lakini mhakiki hana ruhusa ya kupenda nusu ya kitu na kufumba macho kwa nusu ya pili. Mafunzo hayo yalimwandaa msichana kwa jambo moja, nalo ni ndoa. Alifundishwa kumtunza mume kuliko alivyofundishwa kumjibu. Hakuulizwa kama anataka kuolewa, wala na nani. Kukaa ndani kulimtenga na wenzake, na shule ilipofika kulimtenga nayo. Na siri ya unyago, ambayo ililinda heshima ya mafunzo, ililinda pia makosa yaliyokuwamo, kwa sababu jambo lisilosemwa nje haliwezi kusahihishwa.

Mtafiti aliyesoma ishara

Mtu wa kwanza tunayetaka kumtazama ni James L. Brain, mwanaanthropolojia aliyeandika mengi juu ya Uluguru. Mwaka 1978 alitoa makala juu ya mila ya mwali katika jarida la Africa, akaieleza kuwa ni kuzaliwa upya kwa njia ya ishara. Msichana huingia katika nyumba kama anayerudi tumboni, hukaa gizani, kisha hutolewa kama mtoto mchanga, naye huanza maisha mengine.

Maelezo haya yana nguvu. Yaliinua mila ambayo wengi waliidharau, hasa wale waliotaka kuona ndani yake uchafu tu, yakaonyesha kwamba ina mantiki na mpango. Hata hivyo, hatuna budi kuona mpaka wake. Katika usomaji wa namna hii mwali anakuwa ishara kuliko msemaji. Tunajua nyumba ina maana gani, tunajua giza lina maana gani, lakini hatupati kujua kwa ukamilifu msichana mwenyewe aliogopa nini, alitamani nini, na alikubali au alikataa nini moyoni. Si ajabu. Mtafiti alikuwa mwanamume na mgeni, na mambo yenyewe yalikuwa ya ndani ya nyumba ya wanawake.

Kwa maoni yetu, maandishi ya Brain yanayowafaa zaidi walimu wetu ni mengine, nayo hayataji mwali. Mwaka 1976 alitoa makala juu ya hali ya wanawake katika makazi mapya ya kilimo ya miaka ya 1960. Humo alionyesha kwamba katika vijiji vya asili vya watu wanaohesabu ukoo kwa mama, mwanamke alikuwa na shamba lake na mapato yake. Katika makazi yaliyopangwa na wataalamu, ardhi iligawiwa kwa mume, na fedha za mazao zililipwa kwa mume. Ndoa ilipovunjika, mwanamke aliondoka mikono mitupu. Mpango uliokusudiwa kuleta maendeleo ulimrudisha nyuma. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Waliopanga walidhani tu kwamba kila familia duniani ina kichwa kimoja, na kwamba kichwa hicho huvaa suruali.

Funzo tunalolipata hapa ni la msingi. Mabadiliko ya nafasi ya mwanamke na mwanamume hayaendi daima kutoka kwenye unyonge kwenda kwenye haki. Yanaweza kwenda kinyume, tena kwa jina la maendeleo. Mtafiti anayekuja Uluguru akiwa na dodoso linalodhani kwamba mila zote zilimnyima mwanamke haki zote, atapata majibu ya maswali yake, lakini hatauona mlima anaoupanda.

Methali tatu

Turudi sasa kwenye vitabu vitatu tulivyoanza navyo. Chelewa, Chelewa, kilichohaririwa na Zubeida Tumbo-Masabo na Rita Liljeström, kilitoka mwaka 1994, nacho kinahusu wasichana. Haraka, Haraka, kilichohaririwa na Magdalena Rwebangira na Liljeström, kilitoka mwaka 1998, nacho kikawaingiza wavulana. Umleavyo, kilichohaririwa na Mary Ntukula na Liljeström, kilitoka mwaka 2004, nacho kikawageukia wazazi. Sifa kubwa ya vitabu hivi ni kwamba watafiti walikuwa watu wa nyumbani, waliojua lugha na waliojua kuketi na wanawake wenzao. Msichana ambaye katika maandishi ya awali alikuwa ishara, hapa anaanza kusema.

Hoja inayopita katika vitabu vyote ni hii: kijana wa siku hizi amesimama kati ya nyumba mbili, na katika zote mbili mwenye nyumba hayupo. Mafunzo ya jadi yamepunguzwa yakawa sherehe ya siku chache, au yameachwa kabisa. Shule, ambayo ilitazamiwa kushika nafasi yake, inaona haya kuyataja mambo yenyewe. Mama humtazamia shangazi, shangazi humtazamia mwalimu, mwalimu humtazamia mzazi. Kwa hiyo msichana hupata maarifa machache, tena baada ya wakati wake, na aghalabu kutoka kwa mtu mwenye nia ya kumtumia.

Lakini hebu tuzitazame methali zenyewe, kwa maana zina mengi kuliko pambo la jalada. Anayeambiwa kwamba akichelewa atamkuta mwana si wake, ni nani? Si mtoto. Ni mkubwa mwenye wajibu ambaye ameuahirisha. Anayeambiwa kwamba haraka haina baraka, ni nani? Safari hii ni kijana. Na anayeambiwa kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ni mzazi tena. Watafiti, kwa kuchagua majina hayo, walitoa hukumu yenye mizani: walianza kwa kuwalaumu wakubwa, wakaonya vijana, kisha wakarudi kwa wakubwa. Mwenye kupenda kuwalaumu wasichana peke yao hana pa kujificha katika vitabu hivi.

Tunasikitika tu kwamba mizani hiyo inaonekana na anayejua Kiswahili, na maelezo yake yanasomwa na anayejua Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya kata huko Mgeta au Matombo anaweza kuifahamu methali bila kukifahamu kitabu. Msomi wa Uppsala anaweza kukifahamu kitabu bila kuisikia methali. Ni wachache tu wenye uwezo wa kuvisoma vyote viwili kwa pamoja, na kazi hii haikufaa kuachiwa wachache.

Nyumba ya pili ya mwali

Chini ya milima ya Uluguru, pembeni mwa mji wa Morogoro, ipo shule ya sekondari ya wasichana ya Kilakala. Zamani iliitwa Marian College, nayo iliendeshwa na watawa wa Maryknoll. Tunaitaja kwa sababu shule za bweni za wasichana, hapo na kwingineko, zinatupa nafasi ya kulinganisha.

Bweni nalo ni kukaa ndani. Msichana hutolewa kwa wazazi, hutengwa na wanaume, hupewa mavazi ya namna moja, hufuata sheria za wakubwa wasio wazazi wake, kisha hutoka baada ya miaka akiwa mtu mwingine. Tofauti iko katika mafunzo. Nyumba ya mwali ilimfundisha mwili wake na kumficha dunia. Bweni lilimfundisha dunia na kumficha mwili wake. Alijua mito ya Ulaya na hakujua kwa hakika siku zake zinahesabiwaje. Tena zamani kuvunja ungo na kuolewa yalikuwa mambo mawili yaliyofuatana kwa karibu. Shule imeyatenga, na hiyo ni faida kubwa kwa msichana. Lakini katikati ya mambo hayo mawili pamefunguka uwanda wa miaka mitano, sita au zaidi, ambao mila haikuutayarishia mafunzo kwa kuwa haukuwapo. Huko ndiko vijana wetu wanakotembea bila wa kuwaongoza.

Adhabu yao ilikuwa kali. Kwa miongo mingi, mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shuleni, na mlango ulifungwa nyuma yake. Mvulana, au mtu mzima aliyempa mimba, mara nyingi aliendelea na safari yake. Ni mwezi Novemba 2021 tu ndipo serikali ilipotoa waraka ulioruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata mimba, kurudi katika mfumo rasmi wa shule. Kuhusu ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na miaka 15 kwa msichana. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Takwimu za kitaifa za uchunguzi wa afya zinaonyesha kwamba mwaka 2015 hadi 2016, kati ya kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 idadi ilikuwa 22. Imepungua, lakini darasa lolote lenye wasichana 40 wa umri huo linaweza kujihesabia lenyewe maana yake.

Na vijana wa kiume je? Jando lilikuwa na kisu na lilikuwa na mafunzo. Siku hizi wavulana wengi hutahiriwa hospitalini wakiwa wadogo sana. Kidonda hupona salama zaidi kuliko zamani, nasi tunashukuru. Ila mafunzo hayakuhamia hospitali. Kijana hukua akiwa na alama ya utu uzima mwilini bila maneno yaliyokuwa yakifuatana nayo, na maneno hayo huyatafuta kwa wenzake wasiojua kumzidi. Ndiyo maana tunakipongeza kitabu cha pili kwa kumwita mvulana naye barazani. Mimba haijapata kuwa kazi ya mtu mmoja.

Maarifa na ardhi

Wapo wanaodai kwamba dawa ni maarifa tu: mfundishe kijana, naye ataokoka. Jaribio kubwa la kupima dai hilo lilifanyika mkoani Mwanza, kwa jina la MEMA kwa Vijana, kuanzia mwaka 1998. Lilihusisha maeneo 20, na katika nusu yake wanafunzi wa shule za msingi walipewa mafunzo ya afya ya uzazi, na huduma za zahanati zilirekebishwa ili ziwafae vijana. Matokeo yalikuwa funzo kwa wote. Maarifa ya vijana yaliongezeka, na mambo waliyoyasema yalibadilika. Lakini maambukizo ya virusi vya UKIMWI na idadi ya mimba havikupungua kwa kiasi kilichoonekana wazi.

Tusikimbilie kusema kwamba mafunzo hayafai. Maana yake ni kwamba msichana anaweza kujua jambo lililo jema na kukosa nguvu ya kulitenda. Asiye na sabuni, asiye na nauli, asiye na mahali pa kulala salama, maarifa yake hayamtoshi. Hapa ndipo Uluguru inapotukumbusha lile neno tombo. Mafunzo ya mwali hayakusimama hewani. Yalisimama juu ya ardhi ambayo msichana alikuwa na haki nayo. Leo mashamba ya milimani yamekuwa madogo, watu wameongezeka, na msichana asiyekuwa na shamba wala karo hushuka kwenda mjini kutumwa majumbani kwa watu. Huyo ndiye ambaye hesabu za afya zinamhesabu akiwa amekwisha kupata mimba. Swali la mimba, kabla ya kuwa la zahanati, ni la riziki.

Milima hii inajua pia yanayotokea mtaalamu asipouliza. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia yaweza kuwa ilikuwa njema, lakini kazi ilikuwa nzito, udongo usio na rutuba ulifukuliwa juu, na wenye ardhi hawakushirikishwa. Mwaka 1955 watu waliukataa mpango huo kwa ghasia. Mtaalamu wa afya ya vijana anayepanda mlima na vitabu vyake hana budi kulikumbuka tukio hilo. Jambo lililo sahihi kitabuni laweza kukataliwa na watu ikiwa limeletwa kwao kama amri.

Sauti ya msichana

Fasihi yetu iliyaona mambo haya mapema. Penina Muhando, mzaliwa wa Mkoa wa Morogoro, kutoka kwa Wakaguru ambao nao ni watu wa ukoo wa mama, alitoa tamthilia yake Hatia mwaka 1972, akaweka mbele ya hadhira suala la msichana anayepata mimba kabla ya ndoa. Mwaka 1982 alitoa Nguzo Mama, inayohusu wanawake wanaojaribu kuisimamisha nguzo ya pamoja na kushindwa kuelewana. Hizi zilikuwa tamthilia za Kiswahili, zikachezwa na kusomwa na wanafunzi, zaidi ya miaka kumi kabla ya Chelewa, Chelewa kuchapishwa. Anayetaka kuandika historia ya utafiti wa jambo hili nchini mwetu na akaiacha tamthilia, ameacha mlango wa mbele.

Mwaka 1996 mwandishi huyo huyo, akiwa anajulikana kama Penina Mlama, pamoja na Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Utaratibu wake unafaa kutazamwa kwa makini. Wasichana wenyewe huchunguza matatizo yanayowazuia kusoma, huyachambua, huyatungia mchezo, kisha huuonyesha mbele ya walimu, wazazi na wavulana, na mjadala hufuata. Msichana hapa si mada ya utafiti. Ni mtafiti. Naye husema kwa lugha anayoifahamu.

Kitabu kingine kinachostahili kutajwa ni Vipindi vya Maisha, kilichoandaliwa na Marni Sommer, mtafiti kutoka Marekani, kutokana na uchunguzi wake kati ya wasichana wa Tanzania. Humo hedhi na kukua kwa mwili vinaelezwa kwa Kiswahili chepesi, pamoja na visa vilivyoandikwa na wasichana wenyewe. Twaona basi kwamba ugeni wa mtafiti si kikwazo. Mgeni aliyeamua kuandika kwa ajili ya msichana amemfikia msichana, na mwenyeji aliyeandika kwa ajili ya maktaba ameifikia maktaba.

Hitimisho

Tumeona kwamba mila ya mwali ilikuwa na vitu viwili ambavyo shule haijavipata: mkubwa mmoja anayejulikana, ambaye angejibu kwa ajili ya msichana, na ardhi ya kusimamia. Tumeona pia kwamba shule, na hasa jukwaa la Tuseme, lina kitu ambacho mila haikuwa nacho: nafasi ya msichana kusema yeye mwenyewe, hata kusema hapana. Utamaduni wa taifa haujengwi kwa kuchagua kimoja na kukitupa cha pili. Kurudisha kukaa ndani kwa miezi hakuwezekani, wala hakutakiwi. Lakini kudhani kwamba somo moja la baiolojia katika muhula limeshika nafasi ya kungwi ni kujidanganya.

Kwa walimu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila shule iwe na mtu mzima, mwanamke kwa wasichana na mwanamume kwa wavulana, ambaye wanafunzi wanamjua kwa jina kuwa ndiye wa kumwendea, na ambaye siri yao iko salama kwake maadamu usalama wao hauko hatarini. Pili, somo la fasihi simulizi litumike kuwatuma wanafunzi kwa bibi na mashangazi wao, wakaulize ni mafunzo gani yanayoweza kusemwa hadharani, na ni yapi wazee wenyewe wangependa kuyabadilisha. Tatu, suala la nani anamiliki shamba na nani anapokea fedha lifundishwe pamoja na suala la mwili, kwa maana maishani hayatengani.

Kwa watafiti na wachapishaji tunalo ombi moja. Kila utafiti juu ya vijana wa nchi hii utoe, pamoja na ripoti ya wafadhili, kitabu cha Kiswahili kinachoweza kusomwa na kijana aliyechunguzwa. Vitabu vile vitatu vinangoja kufasiriwa, navyo vingali na mengi ya kumfaa msomaji wa leo. Hadi hapo methali iliyo juu ya jalada la kwanza itaendelea kutuelekea sisi tunaoandika: tukichelewa kusema na mwana kwa lugha yake, tutamkuta amekwisha kulelewa na mwingine.